Mahari, Marejesho na Matarajio ya Maharusi nchini Uganda, 1904–2015

Kwamba maharusi hutarajia ndoa yao idumu si jambo la kubishaniwa. Linalobadilika katika historia ni nani, au nini, kinachowekwa kuwa mdhamini wa kudumu huko. Katika jamii kadhaa za Uganda mdhamini huyo alikuwa mali: ng'ombe, mbuzi na fedha zilizotoka kwa ukoo wa mume kwenda kwa ukoo wa mke. Ndoa ilipovunjika, wazazi wa mke walidaiwa kuirejesha. Mali yenyewe mara nyingi ilikuwa imekwisha kutumika, pengine kumwozesha kaka wa mke huyo huyo. Hivyo baba aliyeombwa kumpokea bintiye alikuwa na sababu nzito ya kumrudisha kwa mumewe. Ndoa kama hiyo ilidumu, naam, lakini kudumu kwake hakutuambii lolote juu ya matarajio ya mwanamke aliyekuwa ndani yake.

Sheria iliyoandikwa nayo haikuwatwika wanandoa mzigo sawa. Sheria ya Talaka ya 1904, iliyoletwa na utawala wa Kiingereza, ilimruhusu mume kudai talaka kwa uzinzi pekee, ilhali mke aliyedai kwa sababu hiyo alipaswa kuthibitisha pia kosa jingine, kama vile ukatili. Ibara ya 31 ya Katiba ya 1995 ikaahidi haki sawa katika ndoa na wakati wa kuvunjika kwake, na mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ikaitengua tofauti hiyo.

Suala la mahari lilikawia zaidi. Shirika la Mifumi, lenye chimbuko lake Tororo, lilifungua shauri mwaka 2007, likashindwa mbele ya Mahakama ya Katiba mwaka 2010, kisha likakata rufaa. Mnamo tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kutoa mahari katika ndoa za kimila hakupingani na Katiba; kinachopingana nayo ni kudai irejeshwe ndoa inapovunjika.

Hukumu hiyo ikisomwa kwa Kiswahili, ambacho tangu marekebisho ya Katiba ya 2005 ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, neno mahari lenyewe linaleta utata. Kwa Mwislamu wa pwani, mahari ni haki ya bibi arusi mwenyewe. Vya wazazi vina majina yake, kilemba kwa baba na mkaja kwa mama. Tena mke anayejivua katika ndoa kwa khului huweza kurudisha mahari aliyoipokea yeye. Msomaji huyo akiambiwa tu kwamba marejesho ya mahari yamepigwa marufuku, ataelewa kwamba mlango wa khului umefungwa, ilhali shauri lilihusu mila. Bara, kwa upande mwingine, neno hilo hilo limezoeleka kwa mali inayokwenda kwa wazazi. Kwa hiyo mfasiri wa sheria za ndoa hana budi kutaja kila mara nani alipokea mali hiyo na nani anadaiwa, hata kama sentensi itarefuka. Bibi arusi anayeuliza atadaiwa nini akiondoka, na nani atadaiwa kwa niaba yake, hujibiwa na maelezo hayo, si na neno mahari peke yake.