Usiku wa Manane, Nani Anaamka?

Mjukuu wangu ana mwaka mmoja na miezi minane, na kila usiku huamka mara tatu, wakati mwingine nne. Mama yake, kitindamimba wangu, amepanga fleti hapa nyuma ya Dagoretti Corner, nami nimekuwa nikiishi naye tangu mwaka jana. Jumatatu iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, nilimkuta jikoni amesimama na kikombe cha chai, macho mekundu kama ya mtu aliyetoka kesha. Alitakiwa kuwa stejini kabla Barabara ya Ngong' haijafungana.

"Baba," akaniuliza, "huyu atafunzwa lini kulala? Mwenzangu kazini ananiambia nimwache alie siku tatu, atazoea. Mwingine anasema nimpe dawa ya mafua kidogo tu, atalala kama gogo."

Nikamwambia dawa asiguse kabisa. Kuhusu lile la kwanza nikamwomba anipe juma moja, maana kuna neno lilikuwa limenikwama sikioni: kufunzwa.

Tuanze na lugha basi, kwa kuwa ndiyo kazi ya ukumbi huu. Katika Kiswahili usingizi ndio mtenda, na mtu ndiye mtendwa. Usingizi humchukua mtu, humshika, humpitia, humwiba. Na ukimruka, atabaki akihesabu mabati hadi majogoo. Kitenzi kulala tunacho, lakini hicho hutosheka na kujinyoosha tu kitandani, ndiyo sababu mtu anaweza kusema "nimelala lakini sina usingizi" na asionekane amejipinga. Kwa hiyo kazi ya mzazi katika lugha hii ni kumlaza mtoto, kumtuliza, kumbembeleza, hadi huo usingizi uje umchukue. Hakuna somo hapo, wala mwanafunzi. Katika miaka yangu ya kusoma maandishi ya zamani ya Kiswahili sikumbuki kukutana na usemi "kumfunza mtoto kulala". Nashuku umetujia na vitabu vya malezi vya juzi juzi.

Neno la pili ni mlezi. Linatokana na kitenzi lea, na lea ina ndugu wengi: Wakikuyu na Wagusii husema rera, sisi Waluhya tunasema lela. Shina ni moja la Kibantu, ila Kiswahili kiliidondosha konsonanti ya katikati njiani. Msichana wa miaka saba au minane aliyebebeshwa nduguye mgongoni aliitwa mũreri kwa Wakikuyu na omoreri kwa Wagusii. Wajaluo, ambao lugha yao haihusiani na Kibantu hata kidogo, walimwita japidi, na Wakipsigis walimwita cheplakwet. Lugha za asili mbalimbali zinapokuwa na jina maalum la kazi moja, mwanahistoria anajua kazi hiyo haikuwa jambo la kubahatisha. Ilikuwa ni cheo ndani ya nyumba.

Huyo alikuwa wa mchana. Usiku je? Hapa tuna bahati, kwa sababu mtu alipima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wawili Wamarekani, Charles Super na mkewe Sara Harkness, walikaa miongoni mwa Wakipsigis katika kijiji wanachokiita Kokwet. Walilinganisha usingizi wa wachanga wa hapo na wa watoto wa kwao. Mtoto wa Marekani wa miezi minne alikuwa akilala kwa muda wa takriban saa 8 mfululizo. Wa Kokwet, umri huo huo, alifikisha kama saa 4 na nusu, na kwa miezi kadhaa baadaye hakuongeza sana. Huko Marekani zile saa 8 zilikuwa zimeshahesabiwa kuwa dalili ya ubongo kukomaa. Super na Harkness wakauliza swali la busara: je, ubongo wa Kokwet umechelewa, au ni nyumba ndizo tofauti?

Jibu lao lilikuwa nyumba. Mama wa Kokwet alilala na mtoto ubavuni. Akilia, ananyonya, wote wawili wanarudi usingizini bila hata kuwasha taa. Asubuhi hakuna king'ora cha kazi kinachomngoja, na mchana mtoto atasinzia mgongoni mwa cheplakwet huku shughuli zikiendelea. Kuamka usiku kulikuwepo, tena kwingi, ila hakukuwa tatizo la kutafutiwa dawa. Kweli, hao walikuwa wachanga, na mjukuu wangu ni pandikizi la mtu akilinganishwa nao. Lakini hata mtoto aliyeachishwa ziwa, katika jamii zetu nyingi, hakupelekwa kulala peke yake. Alihamia kwa bibi au akabanwa katikati ya kaka na dada zake.

Nisije nikapaka zamani asali, lakini. Jomo Kenyatta alipoeleza boma la Kikuyu katika kitabu chake cha 1938, alionyesha kwamba mke na watoto wadogo walikuwa na nyumba yao, na mume alikuwa na thingira lake. Yaani baba alilala fofofo ng'ambo ya ua. Mzigo wa usiku uligawanywa, ndiyo, ila uligawanywa baina ya wanawake na wasichana.

Sasa tutoke kidogo nje ya nchi, kwa sababu ile dawa ya mafua ina ukoo wake. Katika karne ya 19 kengele za viwanda vya Uingereza ziliwatoa akina mama vitandani kabla ya mapambazuko, na watoto wao wakaanza kunyweshwa Godfrey's Cordial, mchanganyiko wa afyuni na sukari. Marekani, kuanzia 1849, kulikuwa na Mrs. Winslow's Soothing Syrup, ambayo ndani yake mlikuwa na mofini. Watoto walitulia. Wengine walitulia wasiamke tena, na mwaka 1911 chama cha madaktari cha nchi hiyo kiliiweka chupa hiyo katika orodha ya wauaji wa watoto. Akina mama hao hawakuwa wakatili. Walikuwa na saa ya kuripoti kazini na hawakuwa na mlezi. Dawa ya mafua inayomlegeza mtoto ni kitukuu cha chupa zile, hata kama haina afyuni. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya wazazi wasiwape dawa za mafua na kikohozi za kujinunulia watoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu madhara yake yanaweza kuwa ya kuua.

Vitabu navyo vikafuata saa hiyo hiyo. Luther Emmett Holt wa New York aliwashauri wazazi mwaka 1894 wasikimbilie kila kilio. Richard Ferber wa Boston, mwaka 1985, akaja na njia ya kumwacha mtoto kwa dakika chache, kumtazama, kisha kumwacha kwa muda mrefu kidogo zaidi. Tusimwonee Ferber. Njia yake imewasaidia wengi, na si ule ukatili ambao watu wanausimulia. Ila kisome kitabu chake kwa jicho la mjenzi: kina nyumba ndani yake. Kuna chumba cha mtoto, mlango unaofungwa, na jirani aliye mbali.

Nairobi haikujengwa na nyumba hiyo. Haikujengwa na mtoto akilini hata kidogo. Reli ilifika 1899, na kwa miongo mingi serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika mwanamume, mikono miwili, nafasi ya kitanda kimoja na mshahara wa kapera. Mke na watoto wabaki rizavu. Ni mwaka 1954 ndipo kamati ya Carpenter ilipopendekeza kwamba mshahara wa mfanyakazi umtoshe yeye pamoja na familia. Dagoretti yenyewe ilikuwa upande wa pili wa mpaka wa jiji, katika ardhi iliyotengewa Wakikuyu, na iliingizwa Nairobi mwaka 1963. Baada ya hapo vyumba vya kupangisha vya mbao na mabati vikaota Kawangware na Riruta, na familia zikaja kuingia katika vyumba ambavyo kipimo chake bado kilikuwa cha yule kapera.

Wakati huo huo mlezi akaondoka. Mwaka 1974 karo ilifutwa kwa darasa la kwanza hadi la nne; mwaka 2003 elimu ya msingi yote ikawa bila malipo. Mimi ni mtu wa mwisho kulalamikia hilo. Dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni kule Kakamega, aliacha shule darasa la tatu ili anibebe, na mimi ndiye profesa. Nafasi yake mjini ilichukuliwa na yaya, neno lililotoka kwa Wareno, likapita India, likatufikia na familia za kikoloni. Vijana wa Nairobi humwita mboch, na wanavyolitamka unajua hawakukusudia heshima. Yaya wa binti yangu huondoka saa kumi na mbili jioni kwenda kwake Kawangware. Ana mtoto wa miaka miwili. Sijawahi kumuuliza usiku wake ukoje. Nimeliona hilo nikiandika sentensi hii.

Miaka ya themanini mimi na marehemu mke wangu tulipanga chumba kimoja Riruta. Kifungua mimba wetu alikuwa wa kuamka. Ukuta ulikuwa mbao. Jirani akikohoa unamwambia pole. Kumwacha mtoto alie dakika ishirini kungekuwa kuikesha ploti nzima. Mke wangu aliamka kila mara, na mimi, niseme ukweli, nilijitengenezea thingira la blanketi, nikajifunika hadi kichwani. Nilikuwa na tasnifu ya kuandika, nilijiambia. Usiku mmoja, kama saa tisa, mama aliyekuwa akiuza sukuma wiki chumba cha nne alibisha mlango. Nikajua amekuja kulalamika. Akamwambia mke wangu, "Lete huyo mtoto, mama. Wewe lala, mimi nitaamka sokoni hivi karibuni hata hivyo." Akamfunga mgongoni kwa leso, akatoka naye uani. Mimi nilikuwa macho chini ya blanketi, na sikuondoka.

Kwa hiyo nimemjibu binti yangu hivi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Wetu anazifikisha, ila kwa mafungu. Sisi sote hushtuka kidogo mara kadhaa usiku, tunageuka na kusahau. Mtoto akishtuka humtafuta yule aliyekuwa naye usingizi ulipomchukua, na asipomwona anaita. Tumekubaliana alazwe saa moja na nusu kila siku, runinga ikiwa imezimwa, awekwe kitandani akiwa bado anasinzia, na akiamka asiwashiwe taa wala asipewe simu. Kwa kuwa hukoroma, atapelekwa kliniki Ijumaa kuangaliwa koo na pua. Na usiku tumeugawa: hadi saa nane ni zamu yangu, baada ya hapo ni ya mama yake. Siku ambazo ana mkutano asubuhi, zote ni zangu. Mtu aliyestaafu ana wapi pa kuripoti?

Tatizo lililobaki ni dogo. Usiku wa kwanza wa zamu yangu nilimtembeza sebuleni kwa nusu saa, nikagundua kwamba sijui bembelezi hata moja hadi mwisho. Nimewafundisha wanafunzi miundo ya nyimbo hizo kwa miaka, mizani na vibwagizo, ila sikuwahi kuhitaji kumlaza mtu nazo. Asubuhi nikampigia dada yangu simu Kakamega, nikamwomba ule aliokuwa akiniimbia. Alicheka sana. Kisha akauimba wote, polepole, akaurudia kwa sababu nilikuwa nikiandika, akakata simu akakamue ng'ombe.