Juma Yupi? Kisa cha Faili Iitwayo libeay32.dll

Msomaji, kama ulitumia Windows miaka ya 2000, huenda ulikutana na kidirisha chenye alama nyekundu ya X kikidai kwamba namba fulani haikupatikana ndani ya LIBEAY32.dll. Unakifunga, na programu nayo inakufa. Nani mkosaji? Hakisemi. Hebu tufuatilie kisa hiki, maana ndani yake kuna swali ambalo watengenezaji wa programu hawajamalizana nalo: utumie cha wote, au ubebe chako?

Tuanze na jina. Mwaka 1995 Eric A. Young alianza kuandika SSLeay, maktaba ya kusimba mawasiliano ya mtandaoni. Maktaba hapa si nyumba ya vitabu. Ni kazi zilizokwisha andikwa ambazo programu nyingine huziazima badala ya kuanza upya. Zile herufi "eay" ni za jina lake. Mwishoni mwa 1998 kazi hiyo ikaendelezwa kwa jina la OpenSSL, lakini kwenye Windows faili ikabaki kuitwa libeay32.dll. Likatoka toleo la 0.9.7, likaja la 0.9.8, kisha 1.0.0. Ndani mambo yamebadilika, ila jina ni lilelile.

Sasa ingia Subversion, mradi ulioanzishwa na kampuni ya CollabNet mwaka 2000 na kufikia toleo la 1.0 Februari 2004. Kazi yake ni kutunza historia ya msimbo: nani kabadilisha nini, lini, na namna ya kurudi nyuma mambo yakiharibika. Lakini haikusimama peke yake. Ilitegemea maktaba ya APR kutoka mradi wa Apache, na ili iongee na seva kwa usiri ilihitaji OpenSSL. Kwenye Linux, mfumo wenyewe huweka nakala moja na kila programu ikaitumia. Windows haikuja na maktaba hizo, kwa hiyo aliyefungasha Subversion ilibidi azitie zote ndani ya kifurushi. Na wenzake wenye programu nyingine walifanya hivyohivyo. Wengine wakaenda mbali zaidi: wakaitupa libeay32.dll yao ndani ya System32, folda ya mfumo.

Windows inatafutaje faili hiyo? Kwa jina tu! Kwanza inaangalia kama yenye jina hilo imeshapakiwa ndani ya programu inayoendeshwa. Kama haipo, inatazama folda ya programu yenyewe, halafu System32, na mwishoni folda zilizotajwa kwenye PATH. Ni kama kuita "Juma!" mtaani: anayeitika wa kwanza ndiye huyohuyo. Tena kazi za ndani ya libeay32 mara nyingi ziliitwa kwa namba. Ukimpata Juma wa zamani asiye na namba unayotaka, ndipo kidirisha kinapotokea.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuweka nakala yako kando ya programu yako, na kwa svn.exe hilo lilitosha. Ila TortoiseSVN, iliyoanzishwa na Tim Kemp mwaka 2002, ilikuwa na mtihani wake: inaishi ndani ya Explorer, kwenye menyu ya kipanya. "Folda ya programu" hapo ni ya Explorer, na wageni wengine wamo humohumo na nakala zao. Wakafanya tunachofanya mtaani Juma wakiwa wawili: wakawapa majina ya utani. Ndiyo maana ukifungua folda yake utakuta libapr_tsvn.dll na libsvn_tsvn.dll.

Tatizo limekwisha? Bado. Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa Heartbleed, kasoro iliyokuwamo OpenSSL kuanzia 1.0.1 hadi 1.0.1f. Iliruhusu mtu wa nje kuchungulia hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu kwa kila jaribio. Kwenye Linux, kusasisha nakala ya pamoja na kuwasha upya programu kulitibu nyingi kwa mkupuo. Kwenye Windows, kila aliyebeba nakala yenye kasoro alipaswa kufungasha upya, na kila mtumiaji kusakinisha upya. Kumbe kubeba chako ni kubeba na ugonjwa wake.

Mwaka 2016 OpenSSL 1.1.0 iliacha jina la zamani. Faili ikawa libcrypto-1_1.dll, toleo likiwa ndani ya jina lenyewe. Juma amepata jina la ukoo.

Basi ukikutana na kidirisha cha aina hii, usikimbilie kupakua DLL kwenye tovuti usiyoijua na kuitumbukiza System32; hapo unaongeza Juma mwingine tu. Fungua Process Explorer, uone nakala ipi imepakiwa na imetoka folda gani. Swali ni lilelile la tangu mwanzo: Juma yupi kaitika?