Mazoezi ya Nyumbani kwa Aliyepandikizwa Moyo

Upandikizaji wa moyo kutoka kwa binadamu mmoja hadi mwingine ulifanyika kwa mara ya kwanza tarehe 3 Disemba, 1967, katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, ukiongozwa na Dkt. Christiaan Barnard. Kwa Watanzania bado ni huduma inayofuatwa nje ya nchi. Mkaazi wa Vitongoji, Wilaya ya Chake Chake, Pemba, akirejea baada ya upasuaji huo huwa mbali na madaktari waliomtibu, na hata kufika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, humlazimu kuvuka bahari. Utengamao wa mbali hupunguza safari hizo: mgonjwa hufanya mazoezi nyumbani, na mtaalamu humfuatilia kwa simu.

Jambo linalowakosesha wengi ni kuhesabu mapigo. Wakati wa upasuaji mishipa ya fahamu inayouongoza moyo hukatwa. Kwa hiyo moyo mpya hupiga haraka hata mtu akiwa amepumzika, mara nyingi mapigo 90 hadi 110 kwa dakika, huchelewa kupanda mazoezi yanapoanza na huchelewa kushuka yanapokwisha. Mapigo pekee, basi, si mwongozo wa kuaminika. Kinachotumika ni kipimo cha Borg, cha alama 6 hadi 20, ambapo mgonjwa mwenyewe hutaja ukubwa wa jitihada anayoihisi. Mwanzoni hulengwa 11 hadi 13. Kwa lugha nyepesi, atembee mwendo unaomwezesha kuzungumza bila ya kukatika pumzi. Aanze taratibu kwa dakika 5 hadi 10, na amalize vivyo hivyo, asisimame ghafla.

Asubuhi, kabla ya jua kali, kutembea kwenye njia tambarare kunatosha kwa kuanzia. Ndoo ya maji au polo la karafuu lisiguswe mpaka daktari athibitishe kuwa mfupa wa kidari umeunga, jambo linalochukua takriban miezi mitatu. Kwa kuwa dawa zinazouzuia mwili kuukataa moyo hupunguza kinga, matembezi ya peke yake ni salama zaidi kuliko mazoezi ya kundi.

Utafiti wa Norway, Sweden na Denmark uliochapishwa mwaka 2019 uliwahusisha wagonjwa 81 walioanza mazoezi wastani wa wiki 11 baada ya kupandikizwa, wakisimamiwa kwa miezi tisa na wataalamu wa viungo wa maeneo yao. Hata mazoezi makali yalionekana kuwa salama. Ikumbukwe, hata hivyo, kuwa wagonjwa hao walikuwa na msimamizi. Simu bila ya mtaalamu upande wa pili si utengamao.

Maumivu ya kifua huenda yasihisiwe, kwa sababu ile ile ya mishipa kukatwa. Mgonjwa asitishe mazoezi na afike hospitali, hata ile ya Vitongoji, anapopata homa, pumzi fupi isiyo ya kawaida, kizunguzungu, miguu kuvimba au uzito kuongezeka kwa siku chache, akiwa na orodha ya dawa zake na namba ya daktari wake.