Ukiwa ughaibuni: Njia salama za kupata farasi wa kupanda Uingereza

MKENYA anayeelekea Uingereza kwa masomo au kazi ya miaka kadhaa huwa na mengi akilini: karo, kodi ya nyumba, baridi na namna ya kupiga simu nyumbani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba nchi hiyo ina mazizi ya farasi karibu kila wilaya, na kwamba mgeni asiye na ardhi wala farasi anaweza kujifunza kumpanda mnyama huyo.

Hapa kwetu farasi huhusishwa na mbio za uwanja wa Ngong, mtaa wa Karen au watalii katika fuo za bahari. Wengi wetu hukua tukiamini kuwa ni mchezo wa matajiri. Uingereza nako si mchezo wa bei rahisi, lakini milango yake ni mingi kuliko inavyodhaniwa.

Hata hivyo, mgeni ni kuku mweupe. Asiyejua desturi za mahali anaweza kupoteza fedha, kuvunjika mkono au, baya zaidi, kukiuka masharti ya viza yake bila kukusudia. Yafuatayo ni mambo ambayo msomaji anapaswa kuyajua kabla ya kuweka mguu katika kikuku.

Shule yenye leseni

Mahali salama pa kuanzia ni shule ya upandaji farasi. Katika England, biashara yoyote inayokodisha farasi au kufunza kwa malipo lazima iwe na leseni ya baraza la mtaa, chini ya kanuni za ustawi wa wanyama zilizoanza kutekelezwa Oktoba 2018. Wales na Scotland zina sheria zao.

Kanuni hizo zinataka farasi wakaguliwe na daktari wa mifugo, na shule iwe na bima dhidi ya madai ya watu wanaoumia. Farasi wa umri wa chini ya miaka mitatu hakodishwi. Aidha, mpandaji haachwi peke yake bila msimamizi hadi mwenye leseni aridhike kwamba ana uwezo.

Kwa hivyo, swali la kwanza kuuliza si bei bali leseni. Kuuliza si ujinga, na shule inayokasirishwa na swali hilo imekwisha kujijibu.

Fauka ya leseni, kuna shule zilizoidhinishwa na British Horse Society, shirika lililoundwa mwaka wa 1947. Shirika hilo hukagua mazizi, hutahini wakufunzi na huweka orodha ya vituo lilivyoviidhinisha kulingana na maeneo. Mgeni asiyemjua mtu yeyote mjini anaweza kuanzia hapo.

Somo la kwanza

Shule itauliza umri, urefu, uzito na uzoefu wako. Swali la uzito lisikuudhi, kwani shule nyingi zina kiwango cha juu ambacho hazikipiti ili kulinda migongo ya farasi.

Usijigambe kuhusu uzoefu. Aliyepanda farasi mara mbili ufuoni huku akishikiwa kamba bado ni mwanafunzi wa kwanza. Anayedai ujuzi asio nao hupewa farasi mwepesi wa mbio, na hapo ardhi humfunza kwa haraka kuliko mkufunzi.

Mara nyingi mwanafunzi mpya huanza akiwa peke yake na mkufunzi, farasi akizungushwa kwa kamba ndefu. Hujifunza kuketi wima, kutuliza mikono isivute lijamu, na kuteremsha visigino. Baadaye huingia mwendo wa mchakamchaka, ambao humrusha mpandaji juu na chini hadi aujue mdundo wake.

Masomo ya kikundi ni nafuu kuliko ya mtu binafsi, na mazizi ya mashambani huwa nafuu kuliko ya jijini London. Uliza kama kuna punguzo la wanafunzi, au la kulipia masomo kadhaa kwa pamoja. Usilipe fungu kubwa kabla ya somo la kwanza kumalizika.

Kuhusu mavazi, usikimbilie maduka ya bei ghali. Shule nyingi huazima kofia ngumu. Suruali isiyo na mshono mnene ndani ya paja na viatu vyenye kisigino kifupi vinatosha. Kisigino hicho si pambo, kwani huzuia mguu usipenye katika kikuku na kunaswa mpandaji anapoanguka.

Ukiamua kununua kofia, nunua mpya. Kofia iliyowahi kuanguka kwa kishindo huenda imepasuka ndani bila alama kuonekana nje, na kofia ya mtumba haisimulii historia yake.

Vyuo na mashirika

Mwanafunzi ana njia nyingine. Vyuo vikuu vingi vina chama cha wapanda farasi, ambacho husajili wanachama kwenye maonyesho ya vyama mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Chama huwa na mapatano na zizi la karibu, na wanachama husafiri pamoja, jambo linalopunguza gharama ya nauli kwa asiye na gari.

Katika mashindano ya vyuo, washiriki hupanda farasi walioandaliwa na chuo mwenyeji. Asiye na farasi wake basi hayuko nyuma ya mwenzake. Anachohitaji ni uwezo wa kuelewana upesi na mnyama asiyemjua.

Kwa wakazi wa London, yako mazizi katikati ya mitaa ya kawaida. Mudchute, mashariki mwa jiji, ina shamba lenye kituo cha farasi. Brixton kuna Ebony Horse Club, shirika lililoanzishwa 1996 ili kuwafikia vijana wa mitaa yenye kipato kidogo.

Ni katika kilabu hicho ambapo Khadijah Mellah, msichana Mwislamu kutoka Peckham, alijifunza kupanda. Mnamo Agosti 2019, akiwa na umri wa miaka 18 na amevaa hijabu, alishinda mbio za Magnolia Cup katika uwanja wa Goodwood. Alikuwa amempanda farasi wa mbio kwa mara ya kwanza miezi michache tu kabla ya siku hiyo.

Habari yake ina uzito kwa Mwafrika anayesitasita langoni akihofu kuwa yeye pekee ndiye mweusi zizini. Huenda ikawa ni kweli siku ya kwanza. Lakini farasi hajali rangi ya mkono unaoshika hatamu, bali utulivu wake.

Tahadhari ya viza

Hapa ndipo penye mtego. Katika mazizi mengi kuna desturi ya kijana kufagia, kulisha na kuwapiga farasi brashi, kisha kulipwa kwa somo la bure. Kwa mwenyeji, huo ni urafiki tu. Kwa mgeni, malipo yasiyo ya fedha bado yanaweza kuhesabiwa kuwa malipo ya kazi.

Mwanafunzi wa shahada mwenye viza ya masomo kwa kawaida haruhusiwi kupitisha saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula, na kazi isiyolipwa inaweza kuingizwa katika hesabu hiyo. Aidha, haruhusiwi kujiajiri wala kuwa mwanamichezo wa kulipwa. Anayehudumu tayari saa 20 katika duka kisha akafagia zizi Jumamosi kwa ahadi ya somo anacheza na moto.

Mwenye viza ya matembezi naye ana mipaka. Anaweza kujitolea katika shirika la hisani lililosajiliwa kwa muda usiozidi siku 30, lakini si kufanya kazi katika biashara ya mtu.

Kabla ya kukubali mapatano ya aina hiyo, uliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni mwako, na upate jibu kwa maandishi. Ukiwa na nafasi kisheria, Riding for the Disabled Association, shirika la hisani lililoanzishwa 1969, hutumia watu wa kujitolea kuwasaidia walemavu kupanda farasi. Si lazima uwe mjuzi, kwani hufunzwa kazi hiyo, na ni shule nzuri ya kumzoea farasi ukiwa chini.

Farasi wa kushirikiana

Baada ya mwaka mmoja au zaidi wa masomo, huenda ukasikia mwenye farasi akitafuta mtu wa kumpanda siku mbili kwa wiki huku akichangia gharama. Mpango huu unamfaa mgeni wa muda mrefu, maana humpa farasi bila kumtwika mzigo wa kumiliki. Ujerumani pia upo, na huko huitwa Reitbeteiligung.

Andikianeni mkataba. Utaje siku zako, mchango wako, nani hulipa daktari na mfua nali, na nini hutokea farasi akiumia mikononi mwako. Uliza pia bima. Uanachama wa daraja la dhahabu wa British Horse Society huwapa wakazi wa Uingereza bima ya madai ya watu wengine na ya ajali kwa mpandaji.

Ukitoka barabarani, fuata alama. Mshale wa buluu huonyesha njia ambayo farasi, waendao kwa miguu na baiskeli wanaruhusiwa. Wa manjano ni wa waendao kwa miguu pekee. Tangu Januari 2022, mwongozo wa barabara huwataka madereva kumpita farasi kwa mwendo usiozidi maili 10 kwa saa, yaani kilomita 16, na kuacha nafasi ya mita mbili. Si kila dereva hutii, kwa hivyo vaa nguo inayong'aa.

Mwisho, kumbuka majira. Desemba, mchana wa London haufikii saa nane, na asiyetafuta shule yenye taa au uwanja uliofunikwa atajikuta nyumbani hadi Machi. Hakikisha pia una chanjo ya pepopunda, maana viini vyake hukaa kwenye udongo na samadi.

Atakayezingatia haya hatarudi nyumbani na cheti cha chuo tu. Atarudi na ujuzi ambao hauhitaji mzigo wa ziada katika ndege, na pengine na marafiki ambao asingewapata darasani.