Bakteria wapya wa naitrojeni: Safari ndefu kutoka kinunduni hadi kwenye jina

KATIKA vichaka vya Tezo, kaskazini mwa mji wa Kilifi kando ya barabara iendayo Malindi, upupu huepukwa kwa sababu ya mwasho wa maganda yake, na mturituri hujulikana kwa mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi. Ni nadra mtu kuing'oa mimea hiyo ili aitazame mizizi. Hata hivyo, mizizini humo mna vinundu ambamo huishi bakteria wanaofanya bila malipo kazi ambayo mkulima huigharimia dukani kwa kununua mbolea: kuipa mimea naitrojeni.

Takriban asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Bakteria wa vinundu huigeuza kuwa amonia, nao mmea huwalipa kwa sukari. Mwaka 1888, Martinus Beijerinck wa Uholanzi alifaulu kuwatenga na kuwakuza. Mwaka uliofuata wakapewa jina la Rhizobium. Kwa muda mrefu uchunguzi ulielemea mazao kama soya, njegere na maharagwe. Mimea ya mwituni ilipoanza kuchunguzwa, orodha ilirefuka. Mwaka 2001, ilibainika kwamba hata bakteria wa kundi la Burkholderia, walio mbali sana kiukoo na Rhizobium, huunda vinundu.

Si kila mti una vinundu

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kila mmea wa jamii ya kunde una vinundu. Mkwaju hauna. Mbambakofi hauna, wala mrihi, mti uliotawala sehemu ya msitu wa Arabuko-Sokoke.

Mtafiti anapoupata mmea wenye vinundu, huhifadhi tawi lenye maua ili utambuliwe ipasavyo, kisha hukata vinundu vyenyewe. Wekundu ndani ya kinundu ni dalili kwamba kinafanya kazi. Huoshwa kwa spiriti na klorini ili kuua vijidudu vya nje, husagwa, na maji yake hutandazwa kwenye kisahani chenye agari. Baadhi ya bakteria huonekana baada ya siku tatu. Wengine, hasa Bradyrhizobium ambao ndio washirika wakuu wa kunde, huhitaji wiki moja au zaidi.

Kwa kuwa kinundu huweza kuwa na wageni wengi, bakteria aliyepatikana hurudishwa kwa mche uliooteshwa katika mchanga usio na vijidudu wala naitrojeni. Asipounda vinundu, huenda alikuwa mpangaji tu.

Ndipo huja usomaji wa DNA. Jeni iitwayo 16S, yenye herufi zipatazo 1,500, huonyesha ukoo wa bakteria. Lakini haitoshi, kwani spishi mbili za Bradyrhizobium zaweza kufanana kabisa katika jeni hiyo. Aidha, jeni za kuunda vinundu huweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine; hivyo kuishi katika mmea mmoja si thibitisho la undugu. Siku hizi jenomu nzima hulinganishwa, na ufanano ulio chini ya asilimia 95 hivi huchukuliwa kuwa ishara ya spishi tofauti.

Jina na haki

Kanuni za kimataifa za majina ya bakteria hudai kwamba maelezo ya spishi yachapishwe, na bakteria wa kielelezo ahifadhiwe hai katika hazina mbili zilizo katika nchi mbili tofauti. Mfano wa karibu ni wa mwaka 1999, wakati Sinorhizobium arboris na Sinorhizobium kostiense walipotangazwa kutokana na miti ya Sudan na Kenya, ikiwemo migunga na miti ya jamii ya mathenge. Jina la kwanza lina maana ya 'wa mti'. La pili latokana na mji wa Kosti, Sudan. Vielelezo vyao huhifadhiwa Ulaya.

Hapo ndipo suala la haki huibuka. Bakteria akishakuzwa katika chupa, hakuna anayelazimika kurudi tena kichakani alikotolewa. Kwa sababu hiyo, kanuni za Kenya za mwaka 2006 humtaka mtafiti apate kibali cha mamlaka ya mazingira, NEMA, na ridhaa ya wahusika kabla ya kuchukua rasilimali za kijenetiki. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, hudai kwamba faida igawanywe kwa haki.

Faida yenyewe si ya kinadharia. Chuo Kikuu cha Nairobi, kupitia mradi wake wa MIRCEN ulioko Kabete, kilibuni Biofix, bakteria wanaopakwa kwenye mbegu kabla ya kupandwa, na kampuni ya MEA ikapewa leseni ya kuitengeneza. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba upya wa spishi si hakikisho la ubora. Bakteria wa upupu anaweza kupata jina la Kilatini na bado asiifae kunde hata kidogo. Jina hutolewa na maabara. Manufaa huthibitishwa shambani, msimu baada ya msimu, katika udongo wa kichanga uleule alimotoka.