Orodha ya Yaliyoachwa: Madiwani wa Mtwara-Mikindani na Upangaji wa Vipaumbele vya Mwaka

Kila mwanzo wa mwaka, kabla Bunge halijakaa Aprili kujadili bajeti ya nchi, Baraza la Madiwani la Manispaa ya Mtwara-Mikindani hupitisha mapendekezo ya mpango na bajeti ya mwaka wa fedha utakaoanza Julai. Kabrasha linapofika mezani kwa diwani limekwisha kupita mikononi mwa wengi: mikutano ya mitaa, kamati za maendeleo za kata, wakuu wa idara, kamati ya fedha, na kwa kawaida kikao cha madiwani wa chama kinachotangulia kile cha baraza. Ndani yake elimu ni kipaumbele, afya ni kipaumbele, usafi wa mji ni kipaumbele, vijana ni kipaumbele, mapato ni kipaumbele. Msomaji hukuta karibu kila haja ya mji imetajwa. Asichokikuta ni habari ya maombi yaliyoletwa yakaachwa: yalitoka mtaa gani, nani aliyaacha, na kwa sababu ipi.

Hoja yangu ni kwamba kasoro hiyo inagusa kiini cha kazi ya diwani. Mwaka 1969, alipokuwa akiwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere aliipa hotuba yake jina lililoingia katika lugha ya kila ofisi nchini: Kupanga ni Kuchagua. Ofisi zimelishika jina na kuusahau upande wake mgumu. Anayechagua anaacha, na kiongozi aliyechaguliwa kwa kura anapaswa kukiri alichokiacha mbele ya waliomchagua. Baraza linalotaja vipaumbele bila kutaja yaliyoachwa halijachagua bado, au limechagua kwa siri. Yote mawili yanawaumiza wananchi, ingawa la pili linaumiza zaidi.

Tuanzie mtaani, maana ndiko utaratibu unakodai kuanzia. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 halmashauri nchini zimekuwa zikitumia mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao wananchi huutambua kwa kifupi chake cha Kiingereza, O&OD. Wakazi hukutana, hutaja walichonacho na kinachowakwaza, kisha huyapanga mahitaji kwa uzito: la kwanza, la pili, la tatu. Mpangilio huo hupelekwa kwenye kata, na kutoka kata hadi manispaa. Hapo hukutana na ukomo wa bajeti unaotoka Hazina kupitia TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, pamoja na mwongozo wa kitaifa unaoelekeza fedha ziende wapi. Kwa hiyo mkutano wa mtaa hupanga bila kujua kiasi kilichopo, na wanaojua kiasi kilichopo hawakuhudhuria mkutano wa mtaa. Jibu likirudi, hurudi kama ukimya. Mwenyekiti wa mtaa akiulizwa habari ya mtaro ulioombwa mwaka juzi, husema ombi wamelipeleka juu. Hasemi uongo, hana kingine cha kusema.

Matokeo ya ukimya huo yanaonekana kwa macho katika kile tunachokiita maboma. Wananchi huchangia mchanga, mawe na nguvukazi kwa ajili ya darasa au zahanati. Kuta hupanda hadi usawa wa renta, kisha kazi husimama kuingoja halmashauri ipaue. Boma la namna hiyo likikaa misimu miwili ya mvua katika pwani hii, hewa ya chumvi huwa imekwisha kufanya kazi yake. Nondo zilizoachwa wazi juu ya nguzo hushika kutu na kuvimba, matofali ya safu ya juu humeguka, na pale palipokusudiwa sakafu huota nyasi zinazofika kiunoni. Fundi atakayeitwa baadaye hataanzia pale wenzake walipoishia. Itambidi abomoe safu kadhaa kwanza. Hasara hiyo haiandikwi popote, kwa sababu hakuna aliyewahi kuamua rasmi kwamba jengo lile lisubiri. Lilisubiri tu, huku mradi mwingine ukiingia kwenye kabrasha la mwaka uliofuata.

Wapo watakaosema kwamba ninawatwisha madiwani mzigo wa wengine. Wana haki, na historia inawaunga mkono. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 kwa sera iliyoitwa Madaraka Mikoani, na madaraka yenyewe yakaishia kwa maofisa waliotumwa kutoka makao makuu. Halmashauri za miji zilirudi mwaka 1978, na sheria za mwaka 1982 zikauweka mfumo tulionao. Tangu hapo vyanzo vya mapato vimeondoka kimoja baada ya kingine. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na kwa kweli wachache waliililia, maana ilikuwa ikiwakimbiza watu vichakani. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 kodi hiyo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Mwaka 2017 barabara za mji zilikabidhiwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Maji ya mjini yana mamlaka yake, na bandari iko chini ya Mamlaka ya Bandari. Mkurugenzi anayesimamia utekelezaji wa maamuzi ya baraza huteuliwa na Rais, na baraza haliwezi kumwondoa.

Lililobaki mkononi mwa madiwani ni mapato ya ndani: ushuru wa masoko na stendi, leseni za biashara, ushuru wa huduma, mauzo ya viwanja na mengineyo madogo madogo. Hata hayo yanakuja yakiwa yamegawanywa tayari. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, asilimia 10 ya mapato hayo ni mikopo ya makundi maalumu: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nina imani na lengo la sheria hiyo. Lakini ieleweke kwamba kipaumbele hicho kiliwekwa na Bunge kwa halmashauri zote za nchi, na diwani wa kata ya Chuno au ya Naliendele anakikuta tu kama anavyoukuta ukomo wa bajeti.

Mtwara ina shida nyingine ambayo miji mingi haina. Utajiri unaoupa mkoa jina uko nje ya mpaka wa manispaa, ingawa uzito wake unabebwa na mji. Gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982, huchimbwa Msimbati na kusafishwa Madimba, upande wa Mtwara Vijijini. Kiwanda cha saruji cha Dangote nacho kiko Mtwara Vijijini. Korosho hushuka kutoka Tandahimba, Newala na Masasi. Zikifika bandarini ushuru wa mazao umekwisha kulipwa kwenye halmashauri zilikovunwa, tena kwa kiwango kilichopunguzwa mwaka 2017 hadi asilimia 3. Mji unabaki na malori barabarani, wapangaji wapya, taka na foleni ya wagonjwa katika hospitali ya Ligula. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 108,299 katika manispaa. Ile ya 2022 ilikuta zaidi ya 140,000. Ongezeko hilo halikuja na ongezeko la mamlaka.

Tena si mara ya kwanza kwa mji huu kupangiwa na watu wa mbali. Mtwara kama mji wa bandari ilizaliwa na mradi wa karanga ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947. Gati ilichimbiwa kina, reli ikatandikwa kuelekea Nachingwea, na ramani ya mji ikachorwa kwa ajili ya watu ambao hawakuja. Mradi uliachwa mwaka 1951. Reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo imebaki kuwa jina la kata. Mikindani, iliyokuwa mji wa biashara karne nyingi kabla ya hapo, ilipoteza shughuli zake kwa jirani mpya na haikulipwa chochote.

Gesi ilikuja na matumaini ya aina ileile. Kati ya 2011 na 2014 bei za viwanja zilipanda, nyumba za wageni zikajengwa, na vijana wakajifunza ufundi wa kazi walizoahidiwa. Bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam lilipotangazwa, watu waliandamana Desemba 2012. Tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, vurugu zilizuka, majengo yakachomwa, watu wakapoteza maisha na askari wa jeshi wakaletwa mjini. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015. Uamuzi wa gesi haukuwa wa madiwani, na sitaki kuwabebesha. Ninachokiona ni kwamba katika kipindi kile chote hapakuwa na ukumbi wa umma ndani ya Mtwara ambamo mtu mwenye dhamana angesimama akasema: hili mmeliomba, hili hamtalipata, na sababu ni hii. Watu waliyapata majibu kupitia redio, yakiwa ya mwisho.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema tusidai lolote kwa baraza mpaka lirudishiwe fedha. Kenya ilitoa fedha: Katiba ya 2010 inazitengea kaunti zote 47 kwa pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na sheria inalazimisha ushirikishwaji wa wananchi. Kwale na Mombasa zina bajeti ambazo Mtwara haiwezi kuziota. Bado malalamiko kwamba wananchi huitwa kusikiliza yaliyokwisha kuamuliwa hayajaisha huko. Fedha zinapanua uwanja wa kuchagua; tabia ya kuchagua hadharani hujengwa kwa njia nyingine, na hujengwa vizuri zaidi fungu likiwa dogo, kwa sababu fungu dogo humlazimisha kila mtu kuona kinachoachwa.

Ninapendekeza jambo moja lisilohitaji sheria mpya wala shilingi ya ziada. Kabrasha la bajeti liwe na kiambatisho cha maombi yote yaliyopokelewa kutoka kwenye mitaa na hayakuingia. Kila ombi liandikiwe mtaa uliolileta, nafasi lililopewa na mkutano wa mtaa, sababu ya kuachwa, na mwaka litakaporudishwa mezani. Lililo chini ya TARURA au mamlaka ya maji liandikwe hivyo, pamoja na tarehe ya barua iliyopelekwa na jibu lililopatikana. Kiambatisho kibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata na kisomwe katika mkutano wa mtaa unaofuata, diwani akiwepo.

Pingamizi kubwa nimelisikia kwa madiwani wenyewe: diwani anayetaka kurudi baada ya miaka mitano hawezi kusimama katika kata ya Magomeni akawaambia wapiga kura kwamba mtaro wao umeahirishwa ili zahanati ya Naliendele ipauliwe. Ninalichukulia kwa uzito. Lakini wapiga kura hao wamekwisha kuambiwa hapana, na boma lisilo na paa huwaambia kila siku. Diwani ndiye anayebaki bila sauti, kwa sababu hana karatasi ya kuonyesha kwamba aliomba, alipinga au alikubali kwa masharti. Orodha ingempa pia nguvu mbele ya Mkurugenzi na mbele ya kikao cha chama chake. Ni vigumu kuingiza mradi usioombwa na mtu juu ya maombi 40 yaliyoandikwa majina na kusainiwa na kata.

Kama ningeulizwa baraza lianze na nini katika fungu lililo lake kweli, ningetaja kumalizia maboma kabla ya kuweka jiwe lolote jipya la msingi, na mitaro ya sehemu za bondeni. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokuwa kikielekea pwani hii, shule na ofisi zilifungwa na wakazi wakaambiwa wahamie sehemu za juu. Kikapiga kusini ya mto Ruvuma, katika Cabo Delgado ya Msumbiji, na Mtwara ikapona. Mji uliopona namna hiyo unapaswa kuuliza kila Januari ni kata ipi bado haina pa kupitishia maji.

Kuna pia bahari, ambayo hakuna halmashauri moja inayoweza kuipangia peke yake. Kivuko cha MV Mafanikio huwavusha watu kati ya mji na Msangamkuu mara nyingi kwa siku. Mvuvi wa Msangamkuu huuza samaki mjini na kulipa ushuru wake manispaa, jioni akarudi kwa watoto wanaosoma katika shule za Mtwara Vijijini. Kusini zaidi, hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, imeweka masharti kwa wavuvi wa vijiji vya Mtwara Vijijini, na athari yake huonekana kwenye bei ya samaki feri ya mjini. Ombi la barafu, la mwalo, au la taa kwenye njia ya wavuvi likiletwa upande mmoja, faida yake iko upande wa pili, kwa hiyo kila upande huliacha kwa sababu halali kabisa. Sheria za 1982 hazizuii mabaraza mawili kukaa pamoja kwa jambo linalowahusu wote. Kikao cha kwanza cha namna hiyo kingeweza kufanyika kabla ya kabrasha lijalo kufungwa, ajenda yake ikiwa ni maombi ambayo kila baraza liliyaacha kwa kuamini kwamba ni ya jirani yake.