Daraja, Vyombo na Pepo: Picha za Kila Siku za Pwani ya Unguja

Katika mji wa Unguja pana mahali paitwapo Darajani. Mgeni afikapo hapo ataliona soko lililojengwa mwaka 1904, atasikia sauti za wachuuzi na vishindo vya magari, lakini daraja hataliona. Jina limebaki, kitu chenyewe kimetoweka. Zamani palikuwa na mkono wa bahari ulioingia nyuma ya mji na kuutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yalipojaa, hasa wakati wa bamvua, vyombo vidogo viliweza kupita. Yalipokupwa, pakabaki tope. Watu wa pande mbili waliunganishwa na daraja. Katika karne ya 20 mkono ule wa bahari ulifukiwa kidogo kidogo, hata ukawa nchi kavu, na daraja likakosa kazi.

Mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake habari hii hana jiwe la kuwaonyesha. Analo jina la mtaa, anayo masimulizi ya wazee, na anazo picha za zamani. Makala haya yanahusu hizo picha: si picha za wafalme wala za mabalozi, bali picha za mambo ya kila siku, yaani madaraja, vyombo vya baharini na hali ya hewa. Aghalabu tunazipita kwa haraka tukidhani kwamba hazina neno la kutuambia. Kwa hakika zinayo maneno mengi, ila hazisemi mpaka ziulizwe.

Kwanza yafaa tujue jinsi ufundi huu ulivyofika kwetu. Upigaji picha ulitangazwa mjini Paris mwaka 1839. Haikupita miaka mingi kabla haujafika Unguja, kwa kuwa Unguja wakati huo ilikuwa bandari kubwa ya biashara. James Grant, aliyefuatana na Speke katika safari ya kutafuta chimbuko la mto Nile, alipiga picha mjini humo mwaka 1860. Baada yake John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza, naye alipiga picha za mji na pwani. Kisha wakaja mafundi waliofanya kazi hiyo kuwa riziki yao. Miongoni mwao walikuwa Wagoa, kama A. C. Gomes na ndugu wa ukoo wa Coutinho, ambao walikuwa na studio mjini na kuuza picha na kadi za posta kwa abiria wa meli. Mwaka 1930 Ranchhod Oza, fundi mwenye asili ya Kihindi, alifungua studio iliyoitwa Capital Art Studio.

Ufundi wa siku za mwanzo ulikuwa na taabu zake, na taabu hizo zimeacha alama katika picha zenyewe. Bamba la kioo lilipakwa dawa, likatiwa katika kamera likiwa bado bichi, na ikabidi lisafishwe kabla halijakauka. Mwanga ulihitaji sekunde kadhaa kuingia. Jengo lililotulia lilitoka vizuri. Mtu aliyekuwa akitembea alitoka kama ukungu, au hakutoka kabisa. Kwa hiyo mwanafunzi akiiona picha ya zamani yenye ufukwe mtupu, asiseme kwamba mji ulikuwa hauna watu. Huenda hamali mia walikuwa wakipita na magunia ya karafuu, lakini kioo hakikuweza kumshika mtu aliye kazini. Kilimshika aliyesimama tu. Mabamba makavu yalipoenea katika miaka ya 1880, na filamu ya Kodak ilipoanza kuuzwa pamoja na kamera yake mwaka 1888, ndipo watu wa kazi walipoanza kuonekana wakiwa katika kazi zao.

Sasa tuone jinsi picha iulizwavyo. Tuseme mwanafunzi amepata picha ya bandari ya Unguja isiyoandikwa tarehe. Na atazame majini mbele ya mji. Je, milingoti ya meli iliyozama inachomoza juu ya maji? Milingoti hiyo ina historia. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini, zikiwamo meli za Sayyid Barghash. Baadaye Barghash aliundiwa meli mpya huko Uingereza, ikateremshwa majini mwaka 1878 na kuitwa Glasgow. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliupiga mji mizinga kwa muda usiofika saa moja, kwa sababu Khalid bin Barghash alishika kiti cha ufalme bila ridhaa ya Waingereza. Glasgow ikazamishwa papo hapo. Milingoti yake ikabaki ikichungulia juu ya maji mpaka mabaki yake yalipovunjwa mwaka 1912. Basi picha yenye milingoti hiyo imepigwa baada ya Agosti 1896 na kabla ya kuondolewa kwa mabaki hayo.

Kisha na aitazame nchi kavu. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883. Kwa miaka kadhaa ulisimama karibu nayo mnara wa taa wa peke yake, ambao uliharibiwa na mizinga ile ya 1896. Mnara wenye saa, ulioungana na uso wa jumba, ulijengwa mwaka 1897. Mnara uliojitenga ukionekana, picha ni ya kabla ya vita. Mnara ulioungana na jumba ukionekana, ni ya baada yake. Hivyo mambo mawili madogo, ambayo mpiga picha pengine hakuyajali, yanatupatia tarehe ambayo yeye hakuiandika.

Hata upepo husomeka. Msomaji ajua kwamba pwani yetu hutawaliwa na pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, nayo ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi. Kusi hufuata baada ya maleleji, na ndiyo iliyoyarudisha makwao. Picha ya zamani inayoonyesha bandari iliyosheheni majahazi makubwa ya kigeni yaelekea ilipigwa katika msimu wa kaskazi au muda mfupi baada yake. Bandari ikiwa na mashua na ngalawa za wenyeji tu, huenda wageni wamekwisha kung'oa nanga. Mawimbi, mawingu, bendera zinavyopepea, na kiasi cha maji ufukoni ni ushahidi pia.

Kwa upande wa vyombo, picha zimefanya kazi ya kuokoa. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi badala ya kupigwa misumari, na kilichosafiri kwa tanga la mraba la mkeka, ulitoweka katika karne ya 20. Walioutafiti waliegemea mifano midogo iliyochongwa, maelezo ya wasafiri, na picha chache zilizopigwa wakati mitepe ikingali ikionekana bandarini. Kwa majahazi, kazi kubwa ilifanywa na Alan Villiers, baharia wa Australia, ambaye mwaka 1938 alipanda jahazi la Kuwait lililoitwa Bayan. Alisafiri nalo kutoka Aden hadi Unguja na delta ya Rufiji, ambako mabaharia walipakia boriti za mikoko, kisha akarudi nalo Kuwait mwaka 1939. Picha zake zinawaonyesha mabaharia wakivuta foromali, wakifanya kazi na wakipumzika. Lau si picha kama hizo, tungekuwa na hesabu za forodha tu, bila mikono iliyoshika kamba.

Hata hivyo picha si hakimu asiye na upendeleo. Mwenye kamera ndiye aliyechagua asimame wapi na aelekeze jicho lake wapi. Kadi nyingi zilizouzwa kwa wageni zilitaja jina la jengo na jina la studio, lakini mtu aliyesimama mbele ya jengo aliandikwa tu kuwa ni mwenyeji, hamali au mvuvi. Sultani ana jina, balozi ana jina, hata meli ina jina. Mbeba mizigo hana. Upungufu huu ndio hasa unaotuhusu sisi. Picha nyingi za pwani yetu zimehifadhiwa ng'ambo. Mkusanyo mmoja mkubwa, wa Humphrey Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika ya Mashariki, umo katika Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani. Wahifadhi wa huko waweza kuitunza karatasi isiliwe na mchwa. Hawawezi kumtambua mtu kwa sura yake, wala kujua aliishi mtaa gani. Elimu hiyo imo vinywani mwa watu wa hapa, na kila mzee anapofariki sehemu yake hupotea.

Kwamba vitu hupotea ghafula hatuhitaji kuhubiriwa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib pamoja na mnara wake wa saa iliporomoka. Mnara uliotusaidia kuzipa picha tarehe sasa wenyewe unahitaji picha ili ukumbukwe ulivyokuwa.

Wala jambo hili si la Unguja peke yake. Dar es Salaam, Daraja la Nyerere la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa mwaka 2016, na Daraja la Tanzanite lilianza kutumika mwaka 2022, sambamba na lile la zamani la Selander. Wanafunzi wanaovuka madaraja hayo wanaona ni mambo ya kawaida, kama walivyoona waliovuka daraja la Darajani.

Kwa hiyo walimu wetu wa historia wana kazi iliyo karibu nao. Kila mwanafunzi na aombe nyumbani picha moja ya zamani, aketi na babu au bibi yake, amwulize ni nani hawa, ni wapi hapa, ilikuwa kaskazi au kusi, maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa. Majibu yaandikwe nyuma ya picha kwa penseli laini, maana wino huweza kupenya karatasi, au yaandikwe katika daftari la shule. Picha za simu nazo zisiachwe, kwani ni nyingi sana na takriban zote hazina maandishi. Na kama katika picha yumo mvuvi, mchukuzi au seremala wa mashua, jina lake liandikwe la kwanza.